Dirisha Lenye Taa Katika Picha ya Mama Karin

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo moyo wangu hujaa shukrani. Nilikuwa msichana, sijamaliza hata mwaka hapa Durban, nasuka nywele katika saluni ya Mama Furaha kule South Beach, chini ya yale maghorofa yanayotazama bahari. Mama Furaha alikuwa mtu wa kwetu Uvira, Kongo. Alinipokea sina kitu ila nguo nilizovaa, akanipa godoro, akanipa kazi, na maneno yake makali nayo akanipa bila kubania.

Sasa Mama Furaha alitaka kioo kikubwa cha saluni. Akanunua picha kwa mtu aliyekuwa akiuza barabarani vitu vya nyumba iliyohamwa: masufuria, viti, mapazia, na picha hiyo katikati yake. Picha yenyewe hakuijali. Alitaka fremu yake ya rangi ya dhahabu, ili fundi wa vioo akija aitoe picha na kutia kioo. Lakini mafundi unawajua. Huyo hakuja wiki ile wala iliyofuata, na picha ikabaki ukutani mbele ya kiti changu.

Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, ya pwani ya Uswidi, ingawa wakati ule sikujua Uswidi iko upande gani wa dunia. Miamba ya kijivu, mipana na laini kama mikate iliyoumuka. Maji mazito. Hakuna mti wala mtu. Wateja walikuwa wakicheka: "Bahari gani hii haina hata mtu wa kuogelea? Eish, iko baridi mpaka huku!" Lakini juu ya miamba palikuwa na nyumba ndogo nyekundu, na katika dirisha lake mchoraji alikuwa ametia tone la manjano. Taa.

Mimi nilikuwa nimepoteana na mama yangu vitani, sijui yuko hai au la, na asubuhi nyingine sikuona hata sababu ya kuamka. Basi kabla hatujafungua mlango wa saluni nilikuwa naitazama taa ile, najiambia kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu anangoja, na mtu anayengojwa lazima anawe uso aende kazini. Ndivyo nilivyoishi miezi ile. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani kwamba ninainuliwa na tone la rangi?

Siku ninayokusimulia, mchana, akaingia mama mzee wa Kizungu mwenye fimbo. Hakuja kwa ajili ya nywele; alikuwa akipita njiani, akaiona picha kupitia mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mbele ya picha, akaigusa fremu kwa ncha ya kidole. Mama Furaha, aliyejua Kiingereza kuliko mimi, akamkaribisha kiti. Yule mama akasema anaitwa Karin, na kwamba picha ile aliichora yeye mwenyewe, kwao Uswidi, kabla hajaolewa na baharia na kuletwa Durban. Alipohamia nyumba ya wazee, wanawe waliuza vitu vyake vyote kwa mpigo mmoja, na picha ikaenda navyo. Hakuwalaumu. Alikuwa na ombi moja tu, tumuazime wembe.

Wembe! Tukamuuliza wa nini. Akaeleza polepole, Mama Furaha akinifasiria. Alipokuwa kijana, mwalimu wake wa uchoraji aliitazama picha ile mbele ya wenzake, akasema taa ile ni uongo. Mwanga wa anga ni wa mchana, na nani anawasha taa mchana? Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo Mama Karin hakuchora tena. Picha aliiweka tu kwa kuwa ilikuwa pwani ya kwao. Sasa ameikuta imetundikwa mbele za watu, na hataki kufa huku watu wakiendelea kuliona kosa lake. Rangi ya mafuta ikikaa miaka mingi hukauka ikawa ngumu kama ukucha, haifutiki kwa kitambaa. Lazima ikwanguliwe.

Mama Furaha akaona ni haki yake. "Mpe wembe," akaniambia. "Kitu ni ya mikono yake. Mi nataka kadre tu, hii fremu."

Nikauchukua wembe mezani, nikautia katika mfuko wa aproni yangu, nikasimama.

"We mtoto, uko nafanya nini? Unamnyima mama mukubwa?"

Nikainamisha kichwa. Uso nadhani niliukunja vibaya sana. Hapo Mama Furaha akanikemea, na kemeo lile bado nalisikia.

"Kama iko kitu mu roho yako, sema! Huyu mama hawezi kuingia mu kichwa yako asome. Unamnunia bure, yeye anafikiri unamchukia. Sema, mi nitafasiri."

Basi nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa kukatakata, nikitazama sakafu yenye nywele. Nilimweleza habari za mama yangu, na za asubuhi zangu, na kwamba taa ile sikuwahi kuiona kuwa kosa. "Mama yangu, mtu wa nyumbani akichelewa, alikuwa anawasha taa jua likiwa bado juu," nikamwambia. "Hakungoja giza. Mimi nilijua tu kwamba mtu wa nyumba ile ana wasiwasi na mtoto wake. Asante sana kwa kuiwasha."

Mama Furaha akafasiri, na katikati sauti yake ikakwama, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tena maishani. Mama Karin akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele.

"Kila asubuhi?" akauliza.

"Kila asubuhi," nikamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kidogo.

Akalia, akacheka, akalia tena. Akatuambia kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia picha ile ilimfaa nini. Hata marehemu mume wake alisema tu ni nzuri, kama unavyosifu chai. Wembe hakuuomba tena. Aliomba tumuoshe nywele, kwa vile alikuwa ameshakaa.

Wiki iliyofuata akarudi na brashi nyembamba na rangi nyekundu. Nilishtuka, nikadhani amebadili nia. Lakini dirisha hakuligusa. Aliinama kwenye pembe ya chini ya picha, na kwa mkono wake wa kizee akaandika jina lake. Picha haikuwa na jina, maana aliona aibu kulitia tangu ujana wake. Saluni nzima tukapiga vigelegele, hata mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja.

Baada ya hapo Mama Karin alichora mpaka macho yalipomkataza. Mama yangu sikumpata tena, mwanangu, sitakudanganya. Lakini nilipata mama wawili, na wote niliwashukuru wangali hai. Jioni ya siku ile ya wembe nilimshukuru Mama Furaha kwa godoro. Akanifukuza jikoni, akasema nisimlize, atatia chumvi mara mbili kwenye mboga.

Sasa sikiliza neno langu. Nyinyi vijana mtu akikosea mnajua kumsema, mnaandika kwenye simu mpaka vidole vinauma. Lakini aliyekufaa unamnyamazia, ukidhani anajua. Hajui. Huenda sasa hivi amekaa mahali anaionea aibu kazi ile ile iliyokusimamisha wewe. Mfuate. Usimwambie "asante kwa yote," maana hiyo haimwambii kitu. Mtajie alichofanya, na mweleze kilikusaidia vipi. Kama lugha huna, tafuta mtu wa kukufasiria, na kama una haya, sema hivyo hivyo ukitazama sakafu.

Mungu akuzungushie watu wema, mwanangu, na akupe mdomo wa kuwashukuru wakiwa bado wanasikia. Na siku utakapoona kazi ya mikono yako ni bure, ukatafuta wembe wa kuikwangua, akuletee mtu wa kukuambia ilimfaa nini.