Tulivyofyeka Maua Siku Moja Kabla ya Wageni wa Utalii Kufika

Wakuu, kamwene!

Hii stori nimekaa nayo miaka mingi, leo naishusha yote. Sijaongeza chumvi hata punje, na mtaona wenyewe kwamba haikuhitaji.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa Makambako na kila mtu kageuka mfanyabiashara. Mimi nimemaliza form four, nipo nyumbani, kijiji cha jirani na Kifanya, nasubiri maisha.

Baba hakuwa na muda wa kusubiri. Alishaongea na Mzee Athumani, mwenye malori pale Makambako, nikapakie mbao. Mbao mbichi, wakuu! Na mimi nilikuwa mwembamba kama fito.

Ndipo ikaja habari: shirika moja la kimataifa linatafuta vijiji vya kupokea watalii. Wageni walale kwenye nyumba zetu, wale chakula chetu, faida ibaki kijijini na mazingira yasiharibiwe. Padri mmoja aliwapelekea picha za maua ya pori kwenye mteremko wa kushukia maporomoko yetu, wakataka kuja kuyaona.

Kijiji kikichaguliwa, kijana anayejua Kiingereza anakuwa guide wa kuwatembeza wageni. Na kijana mwenyewe alikuwa mmoja tu, mimi hapa. Nilishindwa hata kula kwa furaha!

Sasa mnatujua. Mkubwa akija, kijiji kinafyekwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mgaya, mtu wa kazi kwelikweli, akapuliza filimbi. Kila kaya ikatoa mtu na fyekeo, tukashuka mteremkoni.

Tulifyeka mpaka pakabaki kipara. Mawe ya njiani tukayapaka chokaa. Mimi nilifyeka kuliko wote, tena naimba! Zile picha hakuna aliyezikumbuka. Kwetu yale yalikuwa majani tu.

Kesho yake akafika mama mmoja wa Kizungu, mtaalamu wao, na dereva. Akasimama mteremkoni, akaangalia huku, akaangalia kule. Akaniuliza maua yako wapi.

Nikamgeukia Mwenyekiti. Akajibu kifua mbele: "Mwambie tumefyeka yote. Hata nyoka hana pa kujificha."

Jasho lilinitoka kwenye baridi ile ya Njombe. Nilitamani kusema yameliwa na ng'ombe, ila mafyekeo yalikuwa bado yameegemezwa pale pale. Nikatafsiri jibu kama lilivyo. Moyoni nikaziona mbao za Mzee Athumani zinaniita.

Yule mama akayatazama mawe yetu ya chokaa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia jiwe la chokaa, sketi ikawa nyeupe nyuma. Kijiji kizima nacho kikacheka, hakijui kinacheka nini!

Akasema hajawahi kuona kijiji kizima kikijitolea hivyo kwa ajili ya mgeni. Mizizi bado ipo, maua yatarudi. Ila tusiuguse mteremko mpaka mvua za mwaka unaofuata. Atarudi, ndipo waamue.

Mwaka ule nilipakia mbao mpaka mabega yakaota sugu. Huku nyumbani Mzee Mgaya kageuka mlinzi wa majani, hata mbuzi wake mwenyewe aliwafunga kamba.

Mvua zikanyesha. Siku moja dereva wa lori akaniletea ujumbe: unaitwa nyumbani, mgeni amerudi.

Wakuu, nilipofika mteremko ulikuwa umewaka! Njano, zambarau, waridi, mpaka chini kwenye maji. Nimezaliwa pale, nimechunga pale, na ndiyo siku ya kwanza nikayaona kweli. Machozi yalinitoka, siwafichi.

Yule mama akatangaza kwamba kijiji kimepita. Mama yangu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Baba akanivuta pembeni. Hakuwa mtu wa kusifia. Akashika mabega yangu yale yenye sugu, akasema: "Athumani atatafuta mtu mwingine. Wewe baki hapa uwaoneshe wageni majani yako."

Nilichojifunza: kabla hujamsafishia mgeni nyumba, muulize kwanza amefuata nini. Na wewe mwenye nyumba, hebu pita ukiangalie ulichonacho kabla hujakifyeka.

Haya, wa Uwemba, wa Yakobi na kwingineko, nyie mliwahi kuharibu nini ili kumfurahisha mgeni? Jukwaa ni lenu, leo tuchekane.