Benedikta na Ufa wa Chemchemi

Jua halijatoka bado. Benedikta Mayala anavua kandambili, anaziacha chini ya jiwe la kwanza, anaanza kupanda pekupeku. Kichwani ana ndoo, mkononi kata ya kibuyu. Mgongoni amefunga kwa kanga donge la udongo wa kichuguu.

Chemchemi anayoiendea iko nusu saa juu ya kijiji chake, nje ya Bariadi, katikati ya mawe makubwa. Mgeni anaweza kupita hatua kumi kando yake asiione. Kwa desturi ya hapa, hakuna anayeifikia na viatu, na maji huchotwa kwa kata tu, polepole, mpaka ndoo ijae.

Benedikta, mwenye miaka hamsini na minane, ni mhudumu wa zahanati ya kijiji. Kisima cha zahanati hukauka kila kiangazi. Kwa miaka kumi na tisa, maji ya kuogeshea watoto wanaozaliwa pale ameyateremsha yeye, kichwani.

“Mama ameshikwa na uchungu, utamwambia asubiri mvua?” anasema.

Kiangazi cha mwaka juzi foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa amechoka. Akamwita Mabula, fundi mawe, akamwomba apanue mdomo wa chemchemi kwa tindo ili ndoo izame yenyewe. Wazee wawili walikataa. Benedikta akawajibu kwamba kata ni mambo ya zamani.

Jioni ile ndoo zilitoka zimejaa, watu wakamshukuru. Siku ya tatu maji yalikuwa yameshuka kwa urefu wa mkono. Jiwe lilikuwa limepasuka chini kwa chini. Chemchemi iliyotoa ndoo sita kila asubuhi ikabaki kutoa mbili.

“Aliyepiga ni Mabula, lakini neno lilitoka mdomoni mwangu. Kwa padri nimeshatubu. Kwa lile jiwe bado.”

Tangu hapo anaziba ule ufa kwa udongo wa kichuguu aliouponda na majivu. Maji huula, naye huurudia.

Juu kwenye mawe, jirani yake Elina ameshafika. Wanasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka kwa mwangaluka.

“Mayu, mama yangu, leo tindo umeisahau nyumbani?” Elina anamuuliza.

Benedikta hacheki, wala hakasiriki. “Nimekuja na udongo. Shika ndoo.”

Elina anashika. Wapo waliomsusa Benedikta mwaka mzima, hata kanisani wakihama benchi. Huyu alimtania tu, akaendelea kupanda naye.

Benedikta anafanya ishara ya msalaba, anapiga magoti. Mkono unazama mpaka begani, anabandika udongo kwa kupapasa. Kwenye jiwe kuna mstari mweupe, pale maji yalipokuwa yakifika zamani. Anapima: vimebaki vidole vinne maji yaufikie. Pasaka vilikuwa saba. Siku hizi ndoo tatu zinapatikana.

Elina anachota kata moja, anamnyooshea anywe, maana jasho linamtiririka. Benedikta anatikisa kichwa. Tangu jiwe lilipopasuka hajaonja maji haya. Nyumbani kwake wanachemsha ya lambo, bwawa la maji ya mvua.

“Yakigusa ule mstari nitakunywa,” anasema. “Kata moja. Lakini kwanza nitakwenda kuwaita wale wazee wawili, wao ndio waanze.”

Elina hamlazimishi. Anayamimina yale maji kwenye ndoo ya zahanati, taratibu, lisimwagike hata tone.