Baiskeli ya Bénita

Baiskeli ya Bénita ilipopotea, mimi ndiye niliyelia kuliko watu wote pale nyumbani.

Na mimi ndiye niliyeipoteza.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, tunakaa mtaa wa Mapendo. Bénita, binti wa baba mdogo, alifika kwetu kutoka Masisi na kifurushi kimoja cha nguo. Wiki mbili baadaye, Papa akatoka nyuma ya nyumba akisukuma kinga, baiskeli ya buluu, inang'aa.

"Ya Bénita hii," akasema.

Nilikuwa nimemuomba Papa kinga tangu darasa la tatu la primaire. Jibu lilikuwa lile lile: "Ngoja kwanza."

Kumbe alikuwa ananingojesha mwenzangu apewe.

Kila asubuhi tukienda shule, Bénita alinipita juu ya yale mawe ya volkano, anapiga kengele. Alikuwa ananiita, "Joviale, panda nikubebe." Sikupanda hata siku moja. Bora miguu itoke malengelenge.

Hata namna alivyoifuta vumbi kwa upindo wa sketi yake ilinichoma.

Jumamosi moja mchana alikuwa amekwenda kufua. Nikaichukua kinga mpaka soko la Kituku, nikaiegemeza kwenye kibanda cha wauza samaki, nikaondoka. Nilipogeuka, haikuwepo.

Moyo wangu ukatulia kabisa. Nisiwadanganye.

Jioni Bénita akaniuliza, "Uliona kinga yangu?"

"Hapana, sikuiona."

Hakulia. Alikaa chini tu, mikono juu ya magoti. Nikalia mimi, ili nisishukiwe.

Mama akaniita jikoni. "Mutoto wangu, wewe unalia kinga. Yeye moyoni anamulilia baba yake."

"Baba yake anaingiaje? Si Papa ndiye aliinunua?"

"Papa yako alipaka rangi tu. Ilikuwa ya baba yake; majirani waliitoa mu nyumba yao iliyoungua, wakatuletea. Baba yake hakutoka. Bénita alituomba tusiwaambie, hakutaka mumuhurumie."

Nilikimbia mpaka Kituku. Niliuliza kila kibanda. Hakuna aliyeiona.

Nikarudi nikamwambia Bénita ukweli, mbele ya wote.

Akachukua mkeka wake kutoka chumba chetu. Akaenda kulala chumba cha Mama.

Leo sisi ni wamama. Alinisimamia kwenye ndoa yangu, tunasalimiana vizuri. Lakini akija kwangu, mkoba wake hautoki mapajani.

Ndugu zangu, wivu unakuonyesha kile mwenzako amepata. Alichopoteza hadi akipate, haukuonyeshi.