Kisiwa Kisicho na Jirani

Karani mgeni hakuchoka kumchungulia mtakwimu aliyekuwa akitengeneza jedwali la kata jirani, ili ijulikane ugonjwa unavyohama. Kata zinazopakana mtakwimu alizipa moja, zisizopakana sifuri. Kila mpaka aliufuata kwa ukucha kwenye ramani, akinong'ona, "Wewe na huyu, chanda na pete." Kwenye kata moja ya kisiwa ukucha ulisita: haikupakana na yoyote, mstari wake mzima kwenye jedwali ni sifuri.

"Kifute tu, mama," karani akasema. "Kompyuta yenyewe inakikataa."

"Na wagonjwa wake niwafute?" Mtakwimu akapima upana wa maji kwenye ramani kwa rula, akakipa kisiwa jirani yake: kata ya ng'ambo iliyo karibu kuliko zote. Kisha, bila kuinua macho, akasogeza mafaili yake pembeni. "Nawe vuta kiti hapa. Tangu uje unakula peke yako."