Mtafsiri Aliyeihamishia New York Kasulu

Mtafsiri wa filamu aliyevuma kuliko wote hapa Kasulu tulimzika Jumamosi. Jina lake silitaji; mnaomfahamu mmeshamjua, na msiomfahamu hamjapoteza kitu. Wapo walionipigia simu kuniomba niandike kwa upole kwa kuwa mwenzetu yuko kaburini. Nimewasikia. Ila yeye alinisema vibaya nikiwa hai, nimekaa mbele yake kwenye benchi, tena nimelipa kiingilio.

Nawaeleza vijana mliokuta kila nyumba ina runinga. Zamani tulikwenda kibanda umiza, ukumbi wa mabati wenye mabenchi, na cha marehemu ndicho kilichojaa kuliko vyote. Alionyesha tamthilia za New York. Sauti ya tamthilia aliipunguza, akashika kipaza sauti, akawasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake. Kazi hiyo aliianzia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla haijafungwa, na Kiingereza alikuwa hajui zaidi ya salamu. Kwa hiyo New York yake aliitunga mwenyewe. Polisi wa makoti meusi walikuwa wanamfukuza mwizi wa tangawizi. Mwanamke aliyelia ghorofani alikuwa anagombana na mama mkwe wake wa Muyama juu ya maharage. Dereva wa teksi ya njano alikataa kuvuka daraja, eti Malagarasi imefurika. Watu walicheka hadi mabati yakatetemeka. Mimi nilitoka Munanila na begi moja, nikajisomesha Dar es Salaam kwa kubeba zege, nikarudi na stashahada ya umeme. Humo ukumbini sikuona mwingine aliyekielewa Kiingereza kile. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikasimama. "Ndugu yangu, hajasema hivyo. Kitaalamu, huyo mama anamuaga mumewe." Akanijibu kwa kipaza sauti: "Wapendwa, New York imepata mgeni! Diploma amekuja kutusahihisha. Mpisheni akae, asije akavunja benchi kwa uzito wa cheti!"

Katika tamthilia ile kulikuwa na bwana mmoja wa tai na mkoba, mwenye kujisifu, ambaye wanawake walimkimbia. Kuanzia siku ile marehemu alimpa sauti yangu, kikohozi changu na hilo neno langu. "Mimi Diploma! Kitaalamu, nakupenda!" Ukumbi mzima ulijua ni nani. Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa Muyama, kwa binti niliyempenda kweli, na hilo sijawahi kulificha. Tulikwenda na mshenga pamoja na baba zangu wadogo, tumevaa vizuri, tumebeba tulichopaswa kubeba. Mshenga alizungumza kwa adabu zote. Baba mkubwa wa binti akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia, akanyoosha kola yake, akakohoa kikohozi changu. "Kitaalamu, mkwe, binti hatunaye." Nyumba ikaangua kicheko. Mshenga wangu mwenyewe alificha uso ndani ya kofia. Nyuma ya pazia nikamsikia na binti akicheka. Baadaye aliolewa Kibondo, na kicheko chake nikabaki nacho mimi.

Ndipo nikafungua duka la ving'amuzi. Watu wanadhani nilifuata faida. Faida ilikuja, lakini ving'amuzi vya kwanza nilivipeleka kwenye nyumba zilizozunguka kibanda chake. Madishi niliyafunga kwa mikono yangu, na kule juu ya paa nilikuwa nautazama mlango wake ukizidi kukosa watu. Mwishowe akawa anayasemea mabenchi matupu. Siku moja akaja dukani.

"Shikamoo, bosi." Alikuwa amenizidi umri.

"Marahaba." Niliitikia, wala sikuona aibu.

"Nipe kazi ya kuita wateja kwa spika. Mtaji wangu mdomo, unaujua."

"Kitaalamu," nikamwambia, "nafasi haipo."

Alicheka hadi akashika kaunta. "Hapo umenipata, Diploma! Umeisema vizuri kuliko mimi." Akatoka akiwa bado anacheka, na mimi usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote.

Familia yake ilipokuja kukodi spika ya msiba niliwapa bure, ile kubwa yenye jina la duka langu ubavuni. Nilitaka waombolezaji wote waone nani amebaki amesimama. Mchungaji alipomaliza sala, shemeji wa marehemu akachomeka kadi yenye sauti zake za zamani. Polisi wakamfukuza mwizi wa tangawizi. Mama mkwe wa Muyama akadai maharage yake. Halafu ndani ya spika yangu mwenyewe kikatoka kikohozi changu. "Mimi Diploma! Kitaalamu..." Sikungoja. Nilikwenda nikachomoa waya. Watu wote wakanitazama nimeushika. Ndipo mjane, aliyekuwa amejiinamia kwenye mkeka tangu asubuhi, akasema bila kuinua kichwa: "...nakupenda!" Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, mchungaji akiwemo.

Nina nyumba ya bati la msauzi, lile la bei, nina maduka mawili, nina safu hii. Vingine nilivipata kwa jasho na vingine kwa hasira, na sitaomba radhi kwa chochote. Ila wenzangu mnaotunza visasi, chukueni fundisho hili. Mtu wa maneno akikudhalilisha, mjibu palepale, mbele ya walewale waliocheka. Usijidanganye kuwa ukimfungia ukumbi umemaliza, kwa sababu maneno yake yalishatoka na watu wakaenda nayo nyumbani. Mimi nilichukua wateja wake, nikamnyima kazi, nikachomoa na waya. Jana ameingia mteja kutoka Kibondo, mtu nisiyemjua kabisa, akaniuliza king'amuzi kipi ni bora. Kabla sijafungua mdomo akatabasamu, akanisaidia kuanza: "Kitaalamu?"