Mama Aingia Kwenye Mlinganyo

Somo la équations différentielles, milinganyo ya mambo yanayobadilika, lilitufikia kwa meli. Profesa wake aliishi Bukavu, na chuo chetu cha Goma hakikuwa na mtu mwingine wa kulifundisha. Tulingoja mpaka alipopata nafasi, akavuka ziwa na begi la nguo na katoni ya chaki. Chaki alikuja nazo mwenyewe kwa sababu hakuziamini za Goma. Alisema zinavunjika katikati ya wazo. Somo ambalo kwingine wanalisoma muhula mzima sisi tulimezeshwa asubuhi na mchana, siku baada ya siku, mpaka ukitazama ukuta mtupu unaona alama za hesabu zinatembea kama sisimizi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa majengo. Nyumbani kwetu, mtaa wa Katoyi, Papa alilipenda jina la somo hilo kabla hajajua ni nini. Alikuwa amefanya ukarani maisha yake yote na aliheshimu neno lolote refu la Kifaransa. Tatizo ni kwamba alilisikia vibaya. Wageni aliwaambia binti yake anasoma équations différentes.

"Wengine wanasoma zile za kawaida," aliwaeleza. "Yeye anasoma zile tofauti."

Sikumsahihisha. Kwa hali niliyokuwa nayo darasani, niliona hajakosea sana.

Mama, ambaye alitoka Butembo akiwa bibi harusi na tangu hapo anauza sokoni maharagwe ya Rutshuru, aliuliza moja kwa moja.

"Hiyo masomo inafanya nini?"

"Inaonyesha vile kitu kinabadilika, Mama."

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Maji, moto, hata watu."

Akafikiri kidogo. "Na inaonyesha vile mutoto anabadilika akifika université, anaacha kuosha sahani?"

Nikaenda kuosha sahani.

Karibu na mwisho wa juma Profesa alitupa kazi ya kufanya wawili wawili. Alitueleza sheria moja rahisi: kitu cha moto hupoa haraka kikiizidi sana joto hewa inayokizunguka, na kadiri kinavyoikaribia hewa hiyo ndivyo kinavyopoa taratibu. Tuende nyumbani, tupime kitu kinachopoa, tuchore mstari wa joto lake, halafu tuandike mlinganyo unaofanana na mstari huo. Jumatatu kila kundi litajieleza mbele ya wote.

Mwenzangu alikuwa kijana wa mtaa wa Kyeshero, mtoto wa watu wa Bukavu, anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kubeba mawe. Alikuwa mwerevu, na alijua hivyo. Aliamua tupime chai, kwa sababu chai ipo kila nyumba, na kipimajoto angekileta yeye. Jumapili baada ya misa alifika kwetu na kile kidude cha kuwapimia watoto homa, alichokichukua kwa dada yake. Tulichemsha sufuria ya chai, tukaitoa motoni, tukakichovya. Kikapiga kelele na kuandika herufi moja tu: H.

"H ni nini?" nikauliza.

"Haut," akasema. "Iko juu sana." Alikipangusa, akakichovya tena. H. Akakaa chini. "Ao pengine ni H ya haiwezekani."

Kidude kile kilijua homa ya mtu tu. Kwa chai yetu kilishaona mgonjwa amekufa. Ilibidi twende kwa jirani mmoja anayetengeneza yaurt nyumbani kwake, ambaye ana kipimajoto kirefu cha maziwa. Alitupatia kwa sharti kwamba kirudi kabla ya jua kuzama, maana jioni alikuwa anapokea maziwa. Alitutazama sana tulipoondoka. Nadhani alikuwa anakiaga.

Tulianza upya. Sufuria tuliiweka kwenye meza ndogo uani, mwenzangu akashika saa, mimi nikasoma joto na kutia alama kwenye karatasi ya milimita, ile yenye vimraba. Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Alama zilishuka kama Profesa alivyosema, mwanzoni kwa haraka, baadaye kwa uvivu. Kwa mara ya kwanza tangu meli ile ifike nilihisi kwamba yale maandishi ya ubaoni yanazungumzia dunia ninayoishi. Ningeweza kuangalia chai ile mpaka Krismasi.

Mama alipita mara kadhaa. Mara ya mwisho akasimama.

"Muko munaangalia sufuria kama vile ni televizyo. Munakunywa ao hamukunywi?"

"Tuko tunapima, Mama."

"Chai inapimwa na kikombe." Akaondoka.

Ndipo wakafika wamama wa parokia, wale wa kikundi chake cha maombi, na kwetu mgeni akifika mtoto hakai uani na sufuria. Tuliitwa kusalimia. Tulisalimia mama mmoja mmoja, na kila mmoja, kama mtu anayepanga harusi, alitaka kujua huyu kijana wa shati safi ni nani na wazazi wake wanasali wapi. Mwenzangu, aliyekuwa anajibu maswali ya Profesa bila kupepesa macho, alianza kutokwa na jasho. Nilipofaulu kumtoa pale na kurudi naye uani, nilisoma kipimajoto, nikakisoma tena, nikampa yeye akisome.

Chai ilikuwa imepanda joto.

Mama akatokea jikoni anapangusa vumbi la makaa mikononi. "Nimewasaidia," akasema. "Muliiacha iko inapoa. Niliirudisha kwa makala kidogo, halafu nikawawekea tena pale pale."

Wala hakuishia hapo. Tungali tumeduwaa, aliichukua sufuria, akachomoa kipimajoto na kunikabidhi, akawapelekea wageni chai. Wakainywa yote. Na jua lilikuwa linashuka.

Tulibishana njiani tukirudisha kile kipimajoto. Mwenzangu alitaka tuufute ule mwinuko, tuunganishe mstari uteremke vizuri. "Tumutoe tu Mama," akasema, "hakuna mutu atajua." Ningependa kusema kwamba nilikataa kwa sababu ya uaminifu. Nilikataa kwa sababu alama ile nilishaitia kwa wino, karatasi ya milimita ilikuwa ile moja tu, na siku ya Jumapili maduka ya karatasi yamefungwa.

Jumatatu tulikaa nyuma kabisa. Makundi ya kwanza yalikuwa na mistari mizuri kama iliyochorwa na mashine, na Profesa aliisifu, mpaka alipogundua kwamba safu nzima ya mbele walikuwa wamepima chai moja, yenye joto moja hadi tarakimu za nyuma ya koma, katika nyumba za mitaa mbalimbali. Akawarudisha wote kukaa. Akavua miwani. Halafu akatuita sisi.

Aliishika karatasi yetu mbali na uso, kisha karibu.

"Mademoiselle, hapa chai inashuka. Hapa inapanda. Nini ilitokea?"

Nilimtazama mwenzangu. Mwenzangu akanisogeza mbele kwa kiwiko.

"Ni mama, Profesa."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Aliona chai inapoa, akairudisha kwa makala."

Ukumbi uliangua kicheko kilichochukua muda wake. Profesa peke yake hakucheka. Aligeuka kwenye ubao, akaandika mlinganyo wa kupoa, na mwisho wake akaongeza alama ya kujumlisha na herufi M.

"Bon. Huyu ndiye mama," akasema. "Wakati sufuria iko mezani, M ni sifuri. Wakati iko juu ya makala, M ni moto anaoongeza. Nitafutie jibu."

Akanipa chaki yake ya Bukavu. Niliandika nikivuka kila hatua kama mtu anayevuka barabara ya pikipiki, na nikafika mwisho nikiwa hai.

"Sasa tuseme mama anasahau sufuria pale juu. Chai inakwenda wapi?"

Nikatazama jibu langu. "Inapanda."

"Inapanda mpaka wapi?"

Nikatazama tena. Hakukuwa na mpaka. "Inaendelea tu, Profesa."

"Mademoiselle, hiyo si chai. Hiyo ni volkano ya Nyiragongo."

Safari hii hata mimi nilicheka, kwa uoga. Alinisubiri. Mahali fulani katikati ya ubao alama ya kutoa ilikuwa imenidondoka, na ni mwenzangu aliyeiona kwanza, akajikohoza na kuielekezea kwa kidevu. Nikairudisha. Chai ikakubali kutulia. Profesa akasema huo ndio mstari wa kwanza asubuhi ile uliotoka kwenye jiko la kweli, akatupa alama nzuri kuliko tulizostahili.

Nilifikiri Mama angefurahi. Mwenzangu ndiye aliyemsimulia, kwa mbwembwe, mbele ya Papa. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Kwa hiyo," akasema, "umeenda kuambia watu ya université yote kwamba kwangu chai inapoa."

"Hapana, Mama, nilisema kwamba wewe ndiye..."

"Na huyo muzee wa Bukavu amesikia."

Siku ya somo la mwisho nilikuta thermos imewekwa juu ya mfuko wangu, imefungwa kwa kitenge. Nilikataa kuibeba. Niliibeba. Nilipita nayo mbele ya ukumbi mzima, nikamwekea Profesa mezani, nikasema imetoka nyumbani.

Aliifungua, akamimina kwenye kifuniko, akapuliza, akanywa, akaungua ulimi. Akapangusa mdomo kwa leso, akitafuta heshima yake.

"Mwambie mama iko ya moto," akasema.

Nilimwambia. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, akachagua kokoto na kuitupa nje.

"Minajua," akasema.

Mtihani ulikuja juma lililofuata, bila chai na bila mama wa mtu yeyote, na sehemu ya pili ilinichoma vibaya. Nilipita kwa shida. Mwenzangu alipita kwa raha, akaja kwetu kuaga kabla ya likizo, na wamama wa parokia, waliokuwa wameketi sebuleni, wakamuuliza tena wazazi wake wanasali wapi.