Kitambaa cha Kuchujia Mtindi

Mama alipougua koo, katikati ya miaka ya themanini, mimi nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii pale Malindi, na nilijiona mjuzi. Nasema hivyo kwa uchungu. Hodari wa kulisha watu wasio wangu, wanaokula nusu sahani na kuacha nusu, na huku nyumbani mamangu mzazi anakauka siku baada ya siku kwa kuwa hakuna kitu kinachopita kooni mwake. Daktari alikuwa amekwisha kuturudisha nyumbani. Alimtazama dada yangu, akanitazama mimi, akasema tumpe chochote anachokitaka.

Anachokitaka! Hakutaka kitu. Uji ulimchoma, chai ilimchoma, na maji ya dafu aliyashika mdomoni kidogo kisha akayatema kwenye kopo. Dada, aliyeiacha nyumba yake aje amuuguze, kila siku alikuwa akipika na kila siku akimwaga. Niliporudi kutoka kazini sikuwa nikiuliza tena kama amekula. Nilitazama tu ndoo ya makombo.

Ndipo nikaukumbuka ule mtindi wa Wagiriki. Mpishi mkuu wetu alikuwa akiwafanyia wageni mtindi mzito uliochanganywa na tango, baridi na laini, wa kuchovea mkate. Wenyewe waliuita kwa jina ambalo ulimi wangu haukulizoea. Nikajisemea kwamba hauna moto, hauna mfupa wala punje, na ukiwekwa kwenye ulimi hujiendea wenyewe. Kama kuna kitu kitapita, basi ni hicho.

"Mtindi na tango?" dada alisema. "Hayo ndiyo uliyokwenda kusomea hotelini? Sisi twala na biriani tangu kuzaliwa."

"Si huo wenu wa majimaji. Huu husimama kwenye kijiko."

"Haya, mpishi wa Wazungu. Tusimamishie tuone."

Alicheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa zamani hatujacheka mle ndani, na kwa upumbavu wangu nikaona tayari mambo yameanza kutengenea.

Maziwa niliyapata kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akiyaleta mjini kutoka Gede. Niliyachemsha, nikayaacha yapoe mpaka kidole kikaweza kukaa ndani bila kuungua, nikatia chachu, nikafunika. Kesho yake, Jumamosi, yalikuwa yameganda vizuri. Nilikuwa na ruhusa ya kutokwenda kazini. Kilichobaki ni kuuchuja, maji yatoke, ubaki ule uzito wenyewe. Hotelini tulikuwa na kitambaa maalumu cha kazi hiyo. Nyumbani hapakuwa na kitu. Kanga zote zilikuwa za rangi, na kanga ikilowa na mtindi rangi huingia. Shuka zilikuwa zimefuliwa kwa sabuni ya unga. Dada alikuwa amekwenda kuteka maji, na foleni ya bombani ilikuwa ikimkalisha mpaka adhuhuri.

Mama alikuwa amelala. Ufunguo wa sanduku lake ulikuwa chini ya mto. Niliuchukua polepole, nikafungua, na chini ya kanga zake za sikukuu nikakuta kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa vizuri. Nilidhani ni kitambaa cha foronya, maana mama alipenda kushona foronya. Kilinukia udi na kafuri, lakini kila kitu cha sanduku lile kilinukia hivyo. Nikachana kipande kiasi cha mkono mmoja, nikakisuuza kwa maji ya mtungi, nikamimina mtindi, nikaufunga na kuutundika kwenye msumari wa jikoni.

Sanda ya mama nilijua ipo. Shangazi alimletea kutoka Makka, akaichovya kwa maji ya Zamzam, na mama mwenyewe alitwambia ipo. Lakini mimi nilikuwa na yakini kwamba iko kwa dada. Kwa nini niliamini hivyo sijui. Mambo ya nguo za wanawake sikuwa nikiyafuatilia, na hilo ndilo nililojua kulisema baadaye.

Tango nililimenya, nikatoa mbegu, nikaliparuza kwa bati la karoti, nikalikamua mpaka mikono ikaniuma. Kitunguu thomu nilitia kiasi cha ukucha tu. Nikatia na majani ya nanaa na matone ya mafuta ya zaituni aliyonipa mpishi mkuu. Mtindi ulisimama kwenye kijiko kama nilivyoahidi, na nikaingia chumbani nikijitukuza moyoni.

Nilimwinua mama, nikamtilia ncha ya kijiko mdomoni. Aliushika ulimini. Nikamwona anameza. Sijapata kufurahi vile. Nikampa wa pili, akameza. Kisha akageuza macho, akalitazama sanduku, akarudi kunitazama mimi.

"Mushaitoa?" akaniuliza.

"Tumetoa nini, Mama?"

"Sanda yangu. Naionja hapa."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliitua chini, akaenda jikoni, akarudi ameshika kile kitambaa kilicholowa. Alikiinua mbele yangu, na heri angenipiga.

Nikaanza kuapa. Wallahi, Mama, nilitafuta kitambaa cha kuchujia, nilidhani foronya, ni chakula tu, nilitaka ule. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia kama mwongo. Mama alinishika mkono.

"Usiape, mwanangu. Si neno." Akamwambia dada akifue kile kipande kwa maji matupu, akianike kivulini, akirejeshe na wenzake. Akalala akaelekea ukutani.

Jioni nilimpelekea tena. Alifumba mdomo. Jumapili nikafanya mwingine, nikauchuja kwa kitambaa nilichokiomba hoteli, nikamwonyesha kitambaa chenyewe, na muhuri wa hoteli uko pembeni. Alikitazama kwa adabu, vile anavyotazamwa mtoto akileta mchoro wake. "Usijisumbue tena," alisema. "Mambo yashatengezwa."

Hata maji akawa hayataki. Dada alilia mbele yake, akamwambia hakuna aliyetengeza kitu, ndugu yangu huyu ni mjinga tu, mwenyewe wamjua. Mama akaitikia, "Najua, najua," kwa sauti ya mtu anayefichiwa jambo na ameamua kuwasamehe wanaomficha.

Alifariki Alhamisi. Watu waliokuja kuhani waliniambia nimshukuru Mungu, maana nilimuuguza mpaka mwisho. Niliwaitikia. Lakini mamangu aliondoka akijua kwamba katika watu wote wa nyumba ile, wa kwanza kumkatia tamaa nilikuwa mimi.